Bi Gazeti na Mpira wa Kijani

Wengi waliosikia jina lake kabla ya kumwona walidhani Bi Gazeti ni mtu wa umbeya. Hawakuwa na kosa. Mwanamke akiitwa Gazeti huulizi sababu, unapunguza sauti akipita. Lakini huyu hakuwa na habari za mtu. Alikuwa fundi wa mipira ya maji: ile inayoingiza maji kwenye mashine za barafu, za kahawa na za kuoshea vyombo mahotelini, na ile inayoyatoa maji machafu nyuma ya mashine hizo hadi kwenye tundu la sakafuni. Ni kazi ya kulala kifudifudi mahali ambapo fagio halijafika tangu mashine iliposhushwa kwenye gari. Mteja anakunywa juisi yake baridi, anaisifu barafu, anamsifu mhudumu, hata glasi anaisifu, na aliyelala nyuma ya mashine wala hamfikirii. Mimi jambo hilo huniudhi sana. Yeye halikuwahi kumuudhi.

Jina alilipata kwa tabia yake moja. Akishafunga mpira mpya na kufungua koki, alitoa gazeti la siku hiyo kwenye mkoba wa vifaa, akaligawa nusu mbili. Nusu aliitandika chini ya mashine. Nusu ya pili alikaa nayo juu ya ndoo aliyoifunika, akasoma. Alikuwa na hoja yake: sakafu ya vigae ni mwongo, tone likianguka linatawanyika na kukauka bila kuacha alama, lakini karatasi ya gazeti haina siri, tone moja tu na duara la kijivu limeshajichora. Basi alisoma nusu saa, na kwa mashine ya kuoshea vyombo, ambayo hutoa maji kwa kishindo, saa nzima. Wenye mikahawa walihangaika. "Fundi, si umeshamaliza?" walimuuliza. Naye bila kuinua macho: "Mimi nimemaliza. Mpira ndio bado."

Karatasi ikitoka kavu, alichana kipande cha juu chenye tarehe, akaandika pembeni kwa kalamu kazi aliyoifanya, akakibandika kwa gundi ya utepe mgongoni mwa mashine. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Alisema mashine haiwezi kukumbuka, na yeye akizeeka hataweza, kwa hiyo bora karatasi ikumbuke kwa niaba ya wote wawili.

Hakuzaliwa na kazi hii. Alianza akiwa mwosha vyombo katika jiko la hoteli moja, na asubuhi moja, akiwa amebeba sahani thelathini, aliteleza kwenye dimbwi karibu na mashine, akaanguka na kuvunjika mkono. Sahani zilivunjika zote. Lawama zikamwangukia yeye: haangalii anapokanyaga, mawazo yake yako nyumbani. Alikaa na plasta wiki sita. Siku aliyorudi, kabla hata ya kuvaa aproni, alijipenyeza nyuma ya ile mashine kwa mkono mmoja na tochi mdomoni, akaukuta mpira wa kutolea maji una ufa wa urefu wa ukucha. Maji yalikuwa yakidondoka polepole, bila haraka yoyote, kama yalivyokuwa yakidondoka siku ile. Alikaa pale chini akautazama ule ufa kwa hasira ambayo, mumewe anasema, haijamtoka mpaka leo.

Mumewe ni fundi cherehani, mtu mpole mwenye maneno machache na utani mwingi. Yeye ndiye aliyempeleka kwa mdogo wake, fundi wa mashine za jikoni, akamwambia, "Mfundishe shemeji yako, la sivyo atanifungulia cherehani yangu atafute inapovuja." Shemeji alimfundisha miaka miwili. Baada ya hapo, na hili shemeji mwenyewe halikatai ingawa hapendi kuulizwa, mwanafunzi alimwacha mwalimu mbali.

Ungemwona kazini ungeelewa. Mpira aliukata kwa wembe mpya, mkato mmoja ulionyooka, kwa sababu ncha iliyotafunwa na wembe butu haikai vizuri kwenye kiungo. Ncha hiyo aliichovya kwanza kwenye kikombe cha maji ya moto ilainike, kisha akaisukuma mpaka mwisho, ndipo akaweka kibano. Mpira wa kutolea maji aliuteremsha mteremko mmoja, bila kuuacha ulale mahali wala ujikunje, maana pakijikunja uchafu hufanya makazi. Na mdomo wa mpira huo hakuuzamisha kamwe ndani ya tundu la sakafuni. Aliuacha juu kwa upana wa vidole viwili, akapima kwa vidole vyake mwenyewe, ili siku tundu likiziba, maji machafu yasipate njia ya kupanda kurudi kwenye barafu ya watu. Mafundi wengi huuzamisha tu, waondoke mapema. Vidole vyake viwili vilikuwa na sugu kwa kupima.

Ila alikuwa na ushabiki wake mmoja, na huo ndio uliomponza. Kwa maji ya kuingia alitumia mipira ya kuona ndani, myeupe kama kioo. Shemeji alipenda myeusi. Walibishana juu ya jambo hilo kila walipokutana, kwenye msiba au kwenye sherehe, mpaka ndugu wakawa wanawakalisha mbalimbali. Shemeji alisema mpira wa kuona ndani ukipata jua unaota ukoga. Bi Gazeti alisema mweusi ni wa mafundi wenye kitu cha kuficha. "Maji ni ya kunywa," alisema. "Anayeyanywa ayaone." Na kwa kuwa mashine nyingi hukaa jikoni, kwenye kona zisizo na jua, miaka ikapita na yeye akawa ndiye mshindi.

Sasa njoo kwenye mkahawa wa chuo.

Ni ukumbi mrefu wenye meza za bati, na mwisho wake kuna kaunta ya vinywaji. Mhudumu wa kaunta hiyo ni mwanamke wa makamo ambaye wanafunzi humwita Mama Majagi, kwa jinsi anavyoyasugua majagi yake na kuyapanga kwa ukubwa kama watoto wa shule mstarini. Miaka kumi na mmoja yuko pale. Nyuma ya kaunta iko mashine ya barafu, na kutoka kwenye chujio la maji ukutani unashuka mpira unaopita chini, usawa wa kifundo cha mguu, hadi kwenye mashine hiyo.

Meneja wa mkahawa alimpigia simu Bi Gazeti asubuhi. Mpira wa kutolea maji umechoka, sakafu inalowa, aje aubadilishe. Alipofika alimkuta Mama Majagi amesimama mbele ya sinki, majagi yote chini, anasugua jagi ambalo mtu mwingine yeyote angeliita safi. Ngozi ya vidole vyake ilikuwa imeanza kubanduka.

"Mdogo wangu, hilo jagi limekukosea nini?" Bi Gazeti akamtania.

Mama Majagi hakucheka. "Dada, mimi leo namwaga unga," alisema. "Juisi zina harufu. Watu wanasema zinanuka majani, zinanuka bwawa. Mwezi wa pili huu. Meneja anasema sioshi vyombo. Jana mwanafunzi mmoja kaumwa tumbo, basi ndiyo imekwisha. Barua yangu iko mezani kwake. Kaniambia saa saba nikaichukue."

"Na wewe unaosha?"

"Dada, tazama mikono yangu."

Bi Gazeti akaitazama. Nyumbani kwa Mama Majagi kulikuwa na mama yake mzazi asiyeona na watoto wawili, na hilo kila mtu pale chuoni alilijua. Bi Gazeti aliweka mkoba chini. Alivua viatu, akavaa ndara zake za kazi, akaivuta mashine kutoka ukutani.

Kule nyuma hakukuwa na giza alilolizoea; mwanga ulikuwa umejaa. Mwaka uliopita chuo kilikuwa kimeubomoa ukuta wa pembeni na kuweka dirisha la kioo kutoka sakafuni hadi darini, ili watu wapate kula huku wakitazama bustani. Lilikuwa dirisha zuri. Bi Gazeti alikuwa amekuja mara mbili tangu liwekwe, kutengeneza mashine ya kahawa upande wa pili, na mara zote mbili alilisogelea na ndoo yake kwa sababu gazeti lilisomeka vizuri pale.

Akainama. Mpira wa maji ya kuingia, ule wa usawa wa kifundo cha mguu, ulikuwa wa kijani.

"Nani kaweka mpira wa kijani hapa?" akauliza.

"Si uko hivyo siku zote?" Mama Majagi akajibu kutoka kwenye sinki. "Nafagia hapo kila siku, naona mpira wa kijani."

Bi Gazeti akaanza kuchemka. Mpira wa kijani ni wa kumwagilia bustani, haufai kupitisha maji ya kunywa ya mtu, hata punda hastahili. Akajua mara moja ni mkono wa nani. "Shemeji," akasema, na akaendelea kusema. Alisema shemeji amezeeka vibaya. Alisema huyu ndiye aliyekuwa akifundisha watu kazi, na sasa anafunga mpira wa bustani kwenye mashine ya barafu, na mtu asiye na hatia anafukuzwa kwa ajili yake. Alisema leo jioni atakwenda kwake, hata maji ya kukaribishwa hatakunywa. Mama Majagi aliacha kusugua ili asikie vizuri.

Akiwa bado anasema, Bi Gazeti alipapasa mgongo wa mashine kutafuta pa kushika, na vidole vyake vikagusa karatasi. Kipande cha gazeti, kimepauka, kimebandikwa kwa utepe. Tarehe ya miaka minne nyuma. Na pembeni, kwa kalamu, kwa mwandiko aliokuwa akiujua tangu darasa la kwanza: *Mpira wa kuingiza, mpya. Kavu.*

Akanyamaza katikati ya neno.

Alirudi chini, akaukwangua ule mpira kwa ukucha. Ukucha ukateleza bila kuacha alama. Kijani hakikuwa cha mpira, kilikuwa ndani. Akafunga koki, akakata kipande cha urefu wa shibiri, akakipasua kwa wembe toka ncha hadi ncha kama alivyozoea kuipasua mipira mibovu ya wengine. Ndani kulikuwa na ukoga mzito, laini, wenye harufu ya bwawa. Ulikuwa mpira wake mweupe, wa kuona ndani, ulioota jua la dirisha zuri kwa mwaka mzima.

Tuseme ukweli, hapo njia ilikuwa nyepesi. Mama Majagi alikuwa amegeukia majagi yake. Bi Gazeti angeweza kuweka mpira mwingine, kuutia ule wa zamani mkobani, kubandua kile kikaratasi, na harufu ingeisha ndani ya siku mbili. Watu wangesema, kumbe kweli yule mama alikuwa haoshi, ona alivyoondoka juisi imepona. Najua mafundi ambao wangefanya hivyo na kulala usingizi. Yeye mwenyewe aliwahi kumwambia mumewe kwamba alilifikiria, na alilifikiria kwa muda mrefu kuliko anavyopenda kukumbuka, amepiga magoti pale na wembe mkononi. Alilifikiria jina lake. Kisha akakumbuka sahani thelathini, akaona haya kiasi kwamba masikio yalimwaka moto.

Akafunga ule mpira uliopasuliwa ndani ya gazeti la siku hiyo. Akakibandua kikaratasi chake. Akamwambia Mama Majagi, "Nifuate," na wakaenda ofisini, mmoja na ndara, mwingine mikono inadondosha sabuni.

Meneja alikuwa mtu wa shati lililopigwa pasi na maneno mafupi. Barua ilikuwa mezani kweli. Bi Gazeti akalifungua gazeti juu ya barua hiyo, na harufu ikajaa chumbani.

"Hiki ndicho wanachokunywa," akasema. "Majagi ni safi. Unaweza kula ndani yake. Huu ni mpira wa maji ya kuingia. Umepata jua, umeota ukoga."

Meneja akajivuta nyuma kidogo na kiti chake. "Nani aliufunga?"

Bi Gazeti akaweka kikaratasi kando ya mpira. "Soma. Mwandiko wangu."

"Lakini wakati huo dirisha halikuwepo," Mama Majagi akadakia, kwa huruma, maana alikuwa mtu wa namna hiyo.

"Halikuwepo," Bi Gazeti akasema. "Ila lilipowekwa nilikuja mara mbili. Nilikaa kwenye mwanga wake nikasoma gazeti. Fundi mwenzangu aliniambia zamani kwamba mipira hii haipendi jua, nikamcheka. Huyu mama hana kosa. Kosa ni langu, usilitafute kwa mwingine."

Meneja si mtu mbaya, ila ni mtu anayependa jambo liwe na mwenyewe, na sasa lilikuwa limempata. Aliichomoa barua chini ya gazeti, imeshalowa na kuchafuka, akaichana vipande viwili. "Rudi kaunta," akamwambia Mama Majagi. Kisha akamgeukia fundi. "Na wewe, malizia kazi ya leo. Baada ya hapo nitatafuta mtu mwingine."

"Una haki," Bi Gazeti akasema.

Alimaliza. Aliweka mpira wa kutolea maji, akapima vidole viwili. Kwa ule wa kuingiza alituma mtu akamletee mweusi. Aliiosha mashine yote ndani, akaitupa barafu iliyokuwemo, akaacha maji yapite mpaka yakaja bila harufu, akayanywa yeye wa kwanza mbele ya Mama Majagi. Kisha akakaa juu ya ndoo. Lakini siku hiyo, Mama Majagi anasema, hakugeuza ukurasa hata mmoja.

Jioni alikwenda kwa shemeji kama alivyoahidi, na maji ya kukaribishwa aliyanywa. "Shemeji," akasema, "ile mipira yangu ya kuona ndani. Ulikuwa sahihi, na mimi nilikuwa na kiburi." Shemeji alikuwa amelisubiri neno hilo kwa miaka mingi na ameshaliandalia maneno matamu ya kumchomea. Alipomtazama usoni, yakamwishia mdomoni. Akauliza tu iko mingapi.

Ilikuwa ishirini na sita, mji mzima. Alikwenda kwenye kila mmoja. Kwenye hoteli, kwenye kiwanda kidogo cha mikate, kwenye zahanati, alivuta mashine na kutazama mwanga unaingilia wapi. Mingi ilikuwa gizani, haina neno, lakini aliibadilisha yote, na kwa kila mwenye mashine alieleza sababu bila kuuma maneno. Wawili walimwambia asirudi tena. Mmoja alicheka akamwambia hajawahi kuona fundi anayekuja kushtaki kazi yake mwenyewe. Siku za Jumapili shemeji alimbebea mkoba. Wambeya wa mjini, ambao hatimaye walikuwa na habari ya kweli kuhusu Bi Gazeti, waliisambaza mpaka ikachakaa.

Mwaka ukapita. Alasiri moja shemeji aliingia nyumbani kwa Bi Gazeti akajitupa kwenye kiti, huku kaka yake akishona pindo la pazia upande wa pili wa chumba.

"Leo nilikuwa kwenye mkahawa wa chuo," akasema. "Wameniita nibadilishe mpira wa kuingiza. Nimefunga, nimefungua koki, safi kabisa. Nafunga mkoba wangu niondoke. Yule mama wa majagi akaniambia, 'Unakwenda wapi?' Nikamwambia nimemaliza. Akaniambia, 'Wewe umemaliza. Mpira ndio bado.'"

Bi Gazeti akaacha alichokuwa anafanya.

"Akaingia stoo, akatoka na gazeti. La leo. Ananunua yeye mwenyewe, anaweka tayari, kila akisikia kuna fundi anakuja. Akatandika chini ya mashine, akanivutia ndoo. Nikamwambia, mama, mimi nina kazi hii miaka thelathini. Akanipa nusu ya pili, akasema, 'Soma.'"

"Ukasoma?"

"Ningefanyaje? Kasimama mlangoni." Shemeji akakuna shingo, akatazama pembeni. "Tone moja."

"Tone?"

"Kwenye kiungo. Dogo tu. Kwenye vigae nisingeliona."

Bi Gazeti akacheka. Alicheka mpaka akashika ukuta, mpaka mumewe akasimamisha cherehani kuuliza kuna nini. Kisha akajifuta macho kwa ncha ya pazia, palepale kwenye pindo jipya, na mumewe hakumzuia.

"Na mara ya pili?" akauliza.

"Kavu," shemeji akasema. "Tumekaa mpaka ukurasa wa mwisho."